"Annoy" na Tafsiri ya "Kuchukiza"

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza "annoying", mara nyingi hukimbilia "-a kuchukiza". La ajabu ni kwamba mwenye kutazama asili peke yake atamwunga mkono. "Annoy" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 13 kutoka Kifaransa cha Kale, nacho kililipata kutokana na kifungu cha Kilatini "in odio", yaani "katika chuki". Kilichokuwa "in odio" kwa mtu kilimchukiza kwa maana kamili ya neno hilo. Kwa hiyo Kilatini na Kiswahili, lugha zisizo na undugu wowote, zilipita njia moja: kutoka chuki hadi kuchukiza.

Walakini asili si maana. Mzizi huo mmoja umezaa watoto wasiofanana. "Enojo" la Kihispania ni hasira. "Ennui" la Kifaransa cha leo ni uchovu wa moyo uliokosa la kuushughulisha. Kiingereza nacho kililitumia "annoy" kwa kudhuru hasa: hata katika karne ya 18, jeshi liliposemwa kwamba lina-"annoy" adui, lilikuwa likimshambulia na kumtia hasara. Baadaye ukali ukafifia, likabaki neno la mbu sikioni.

"Chukiza" halikufifia hivyo. Mama wa Kiingereza amwitaye mwanawe "annoying" kwa wingi wa maswali yake hamchukii. Mfasiri aandikaye "mtoto wa kuchukiza" amemsingizia mama huyo, na msomaji wa riwaya atamhukumu kwa kosa asilolitenda. Mama wa Kiswahili angesema "mtoto msumbufu", au angemkemea, "Usiniudhi!" Hili la pili ndilo lenye mvuto zaidi, kwani "udhi" nalo lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya kudhuru na kuumiza, kisha likalegea vinywani mwa watu hata likatosha kwa madogo. Limefuata, basi, mwendo wa "annoy" lenyewe. "Kera" nalo lafaa, hasa pale udhia unapojirudia, kama bomba lidondoshalo maji usiku kucha.

Atakayefasiri maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14 ana haki ya kufikiria "chukiza", na "dhuru" pia. Mfasiri wa riwaya ya leo hana haki hiyo, ila pale mwandishi alipokusudia chuki.