Pale Gitaa Linapojibu
Wengi wameniuliza mbona wimbo wangu mpya, niliomwandikia marehemu baba, unachezeka hivyo. Si nyimbo za msiba huwa za polepole? Nilianza hivyo, kinanda na sauti tu. Ukatoka kama tangazo la kifo redioni. Nikarudi kwa benga, muziki uliochota mdundo wake kwa nyatiti ya Waluo, ambapo mwimbaji akinyamaza gitaa linamjibu. Hilo ndilo nililohitaji. Mimi na mzee tulikosana, tukanyamaziana miaka minne, na kosa lilikuwa langu. Ubeti wa tatu ungekuwa wa kuomba msamaha. Nimeuachia gitaa peke yake. Kiitikio bado kinajieleza sana, hiyo nakubali. Lakini pale pa gitaa sibadilishi kitu. Ukiskia miguu inataka kucheza, cheza.