Maana ya "N'tilie" katika Riwaya ya Emmanuel Mbogo

Riwaya ya Emmanuel Mbogo iitwayo Watoto wa Maman'tilie ilichapishwa mwaka 2002, ikasomeshwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne. Katika shule nyingi mafunzo ya lugha yake ya mafumbo huishia katika kutaja majina: hii ni tashbiha, hii ni istiari, jaa ni ishara ya ufukara, basi. Majina hayo yana faida yake. Lakini mwanafunzi akiyashika hayo peke yake hulikosa neno lililo kubwa kupita yote, nalo limeandikwa juu ya jalada.

Mama ntilie ni jina lililozaliwa vinywani mwa wateja. "Nitilie" latokana na kitenzi tia katika kauli ya kutendea, nalo ni ombi: mama, nitilie chakula sahanini. Basi mwanamke huyu haitwi kwa jina lake bali kwa haja ya mwenziwe. Kila amwitaye humwomba. Mwandishi alilikuta neno hili mitaani, akalipokea na ritifaa yake kama linavyotamkwa, wala hakulitia chumvi. Ni hadithi yenyewe iliyoligeuza kuwa istiari. Shule yataka karo na sare, na kwa kuvikosa vitu hivyo Peter na Zita wanafukuzwa. Mume ni mlevi, wala hana msaada nyumbani. Wote hao, kila mmoja kwa namna yake, wanasema n'tilie, na yeye aambiwaye hana wa kumwambia neno hilo.

Jina la mumewe, Lomolomo, halina nguvu kama hiyo. Msomaji asikiapo lile lomo amekwisha kuambiwa tabia ya mtu kabla hajamwona akitenda, na baada ya hapo ni vigumu mtu huyo kumshangaza.

Jaa nalo lataka uangalifu. Watoto wanakwenda kuokota katika jaa la Tabata. Zita anaumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa. Jaa hilo halikubuniwa na mwandishi. Mwaka 1988, katika shauri la Joseph Kessy na wenzake wa Tabata dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Mahakama Kuu iliamuru utupaji wa taka mahali hapo ukomeshwe. Taka zikahamishiwa kwingine, na siku hizi humwagwa Pugu Kinyamwezi. Mwanafunzi wa Gongo la Mboto, aliye jirani na huko, akiulizwa katika mtihani jaa ni ishara ya nini, atajibu ufukara, naye atapata alama zake. Afadhali aulizwe kwanza lori lile la taka limebeba nini, nani hulingojea likimwaga, na kilichookotwa huuzwa wapi. Kisha afungue tena ukurasa wa Zita.