Mavi ya Chuma Yalivyogeuzwa Ngao ya Tanuru

Ndani ya tanuru la oksijeni, chuma kilichoyeyuka hufika nyuzijoto 1,650 hivi za Selsiasi mwishoni mwa mpiko mmoja. Tanuru lenyewe ni pipa kubwa la chuma cha pua, ambacho huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kwa hiyo chombo kingeyeyushwa na kilichomo ndani yake kama si ukuta wa matofali ya kuhimili moto uliojengwa katikati yao. Ukuta huo hulika kidogo kila mpiko. Ukiisha, tanuru linasimamishwa, matofali ya zamani yanabomolewa, mapya yanapangwa, na kwa muda wote huo kiwanda hakipati kitu kutoka kwenye tanuru hilo. Mwaka 1991 kiwanda cha Indiana Harbor cha kampuni ya LTV Steel, huko East Chicago, Marekani, kilianza kuulinda ukuta wa tanuru lake kwa njia ambayo naiona kuwa miongoni mwa uvumbuzi bora wa ufuaji chuma wa karne ya 20. Kiliupaka mavi ya chuma, uchafu uleule uliokuwa ukiula.

Tanuru la aina hii lilianza kazi ya kibiashara Linz, Austria, mwaka 1952. Humiminiwa chuma ghafi cha moto chenye kaboni asilimia 4 hivi, pamoja na vyuma chakavu. Kisha bomba refu linalopozwa kwa maji hushushwa kutoka juu na kupuliza oksijeni safi kwa kasi inayoipita ya sauti. Kaboni huungua na kutoka kama gesi. Silikoni na fosforasi hukamatwa na chokaa iliyotiwa humo, nazo huelea juu ya chuma kama mavi mazito ya moto. Baada ya dakika 15 hadi 20 kaboni imeshuka chini ya asilimia 0.1, tanuru linainamishwa, na tani 200 au 300 za chuma cha pua zinamiminwa.

Aina ya tofali ilishaamuliwa tangu karne ya 19. Matanuru ya mwanzo ya Bessemer, yaliyotangulia haya ya oksijeni, yalikuwa na ukuta wa silika, na silika haiwezi kuvumilia chokaa. Bila chokaa fosforasi hubaki kwenye chuma na kukifanya kivunjike kirahisi. Mwaka 1878 Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama ya London, pamoja na binamu yake Percy Gilchrist aliyekuwa mkemia huko Wales, walionyesha kwamba ukuta wa dolomaiti, mwamba unaotoa chokaa na magnesia ukichomwa, unakubaliana na chokaa. Tangu hapo, ukuta wa tanuru la kuondoa fosforasi hujengwa kwa madini ya jamii hiyo, na leo ni magnesia iliyochanganywa na grafaiti.

Inafaa tukae kidogo kwenye tofali hilo, maana bila kuelewa linavyokufa hatutaelewa linavyookolewa. Magnesia huyeyuka karibu na nyuzi 2,850, kwa hiyo joto peke yake haliiwezi. Kinachoimaliza ni kemia. Mavi ya chuma yana chokaa, silika na oksidi ya chuma, na mchanganyiko huo ukiwa majimaji una njaa ya magnesia. Huitafuna mpaka ushibe. Grafaiti imewekwa humo kwa sababu mavi hayashikamani nayo. Yanateleza juu yake na kushindwa kupenya kwenye vitundu vya tofali. Lakini grafaiti ni kaboni, na kaboni mbele ya oksijeni huungua. Oksidi ya chuma iliyo kwenye mavi nayo huila. Mara tu kaboni ya usoni ikiisha, vitundu hubaki wazi, mavi hunyonywa ndani, chembe za magnesia hulegea na kuchukuliwa na mkondo. Watengenezaji huongeza unga wa alumini ndani ya tofali ili uungue kwanza badala ya grafaiti. Hilo huchelewesha uharibifu bila kuuzuia.

Dawa ya zamani ilikuwa kurushia ukuta unga wa magnesia uliochanganywa na maji, hasa pale palipolika zaidi. Ni kazi ya kusiriba nyumba ya udongo: unajua mvua itaosha, na unajua utarudi. Tofauti ni kwamba nyumba husubiri msimu, ilhali kiraka cha tanuru kingeweza kutoweka baada ya mipiko michache tu. Maji yenyewe yaliushtua ukuta wa moto na kuuacha na nyufa. Unga ulinunuliwa kwa bei ya juu ili uyeyukie ndani ya mavi yaliyokuwa yakitupwa jalalani.

Hapo ndipo njia ya Indiana Harbor inapoingia. Wazo la kurusha mavi ukutani kwa gesi ya naitrojeni halikuanzia hapo, lakini hapo ndipo lilipogeuzwa kuwa utaratibu wa kila siku wenye vipimo. Chuma kikishamiminwa, mavi huachwa ndani na tanuru husimamishwa wima. Bomba lilelile la oksijeni hushushwa tena, safari hii likipuliza naitrojeni kwa nguvu. Gesi hupiga dimbwi la mavi, nayo hupasuka na kurukia kuta pande zote. Yanapogusa matofali hupoa na kuganda. Kazi huchukua dakika chache. Mwendeshaji hupandisha na kushusha ncha ya bomba kulingana na mahali anapotaka kupaka, kwa kuwa bomba likikaa juu mchirizi huenda kwingine na likikaa chini huenda kwingine. Kinachobaki humwagwa kabla ya kuleta chuma ghafi kingine, na hili si jambo la kulegeza, kwa sababu chuma chenye kaboni kikimiminwa juu ya mavi majimaji yenye oksidi nyingi ya chuma hutoa gesi ghafla na kurusha moto nje ya mdomo wa tanuru.

Ukitazama kwa mbali utadhani ufundi uko kwenye upepo. Kwa maoni yangu uko kwenye mapishi ya mavi, tena dakika nyingi kabla ya naitrojeni kufunguliwa. Mwanzoni mwa mpiko hutiwa dolomaiti iliyochomwa, hadi mavi yawe na magnesia asilimia 8 hadi 10 hivi. Kufikia hapo yameshashiba au yamekaribia kushiba, na yaliyoshiba hayana sababu ya kula ukuta. Kwa hiyo faida ya kwanza hupatikana wakati chuma bado kinapikwa. Faida ya pili huja wakati wa kupaka: mavi yenye magnesia nyingi yakipoa kidogo hutoa fuwele ngumu zinazoyafanya yawe mazito na kushika ukutani. Yakiwa mepesi mno hutiririka chini, na hapo mwendeshaji huongeza dolomaiti au makaa kidogo, makaa yakipunguza oksidi ya chuma inayoyalainisha. Yakiwa mazito mno hayaruki kabisa.

Mpiko unaofuata huupima utando huo kwa ukatili. Joto linapopanda, sehemu yenye oksidi nyingi ya chuma huyeyuka mapema na kuchuruzika. Zinazobaki ukutani ni fuwele za magnesia na za silikati za chokaa, ambazo hustahimili joto kubwa zaidi. Utando huchujwa na moto wenyewe, na kilichobaki kinaweza kupakwa juu yake tena. Utando hauhitaji kudumu. Unahitaji kuishi mpiko mmoja, kwa sababu mwingine unakuja bure baada ya kila mpiko. Wahandisi waliokuwa wakisaka tofali lisiloliwa walikuwa wakidai kitu kigumu zaidi ya kilichohitajika.

Matokeo yalikuwa makubwa. Ukuta uliozoeleka kumaliza mipiko elfu chache ulivuka 15,000 huko Indiana Harbor kufikia mwaka 1994, na matumizi ya unga wa kurushia yakapungua sana. Baadaye viwanda kadhaa vya China vilipita mipiko 30,000.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoisoma hesabu hiyo kama alama ya ubora wa kiwanda. Mavi yanayorushwa huganda pia kwenye sakafu ya tanuru, na matanuru mengi yana vitundu sakafuni vya kupitishia gesi ya kukoroga chuma. Vikizibwa, chuma hakichanganyiki vizuri, oksijeni nyingi hubaki ndani yake na fosforasi hupungua kwa shida. Viwanda vingi vya Ulaya, vinavyouza chuma cha viwango vikali, vimechagua kulinda vitundu hivyo na kukubali ukuta unaoisha mapema. Naona uamuzi wao ni sahihi kwa bidhaa yao. Faida ya ukuta wa mipiko 30,000 inaweza kuliwa yote na chuma kinachorudishwa na mteja.

Afrika Mashariki haijulikani kwa matanuru ya oksijeni, lakini kanuni ya kuukinga ukuta kwa utando wa kilichomo tanuruni hufanya kazi kila siku katika viwanda vyetu vya saruji, kuanzia Wazo Hill hadi Tanga. Katika tanuru refu linalozunguka, malighafi hupikwa kwa nyuzi 1,450 hivi karibu na mwali wa nyuzi 2,000. Klinka, yaani malighafi hiyo ikishapikwa, inapoanza kulainika hunata kwenye matofali ya magnesia na kujenga ngozi ngumu inayoyakinga. Hapa hakuna naitrojeni wala bomba, kwani ngozi hujijenga yenyewe mradi mwali utulie na mchanganyiko wa chokaa, silika, alumina na chuma usiyumbe. Adui yake mkubwa ni kusimama ghafla. Umeme ukikatika tanuru hupoa, ngozi husinyaa kwa kiasi tofauti na tofali, nayo hubanduka ikiondoka na uso wa tofali. Kipimajoto kinachokagua ganda la tanuru kwa nje huonyesha doa la moto mahali hapo, na meneja anapaswa kuamua upesi: apunguze moto na kujaribu kuirudisha ngozi wakati tanuru linazunguka, au asimamishe uzalishaji na kujenga upya.