Lawama Iliyomo katika Neno "Derivative"

Mhakiki wa Kiingereza atakapo kuidunisha kazi ya sanaa kwa neno moja, huiita "derivative". Maana yake ni kwamba kazi hiyo haina chake; imechota kwa wengine tu. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa na lawama. Latokana na Kilatini "derivare", yaani kuchepusha maji ya kijito, kama Wachagga walivyochepusha mito ya Kilimanjaro hadi migombani. Nani aliyepata kuulaumu mfereji kwa kuwa si chemchemi? Wanasarufi nao hulitumia bila ubaya: "mwimbaji" na "wimbo" yametokana na "imba", wala hatuyaiti maneno dhaifu.

Lawama twaiona ikipata nguvu katika karne ya 18, wakati Edward Young alipochapisha, mwaka 1759, insha ya kuutukuza utunzi wa asili juu ya uigaji.

Basi na tulipime neno hili kwa wimbo mmoja wa Ijumaa Kuu. Mwaka 1601 Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mapenzi, wa mtu aliyefadhaishwa na msichana. Tuni yake ikachukuliwa kwa wimbo wa kifo, kisha kwa maneno ya Paul Gerhardt ya mwaka 1656 juu ya kichwa cha Kristo kilichojeruhiwa. Na maneno hayo yalitokana na shairi la Kilatini la Zama za Kati! J. S. Bach aliitumia tuni hiyo mara tano katika Mateso kwa Mathayo, yaliyoimbwa mwaka 1727. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Simon aliichota tena.

Kwa kipimo cha Young, Bach ana hatia. Hata hivyo, mara ya tano, mara tu baada ya Yesu kukata roho, tuni ni ile ile, bali sauti za chini zimegeuzwa hata msikilizaji aona giza. Mageuzi hayo ndiyo kazi ya Bach, na neno "derivative" halina uwezo wa kuyaona, maana huuliza kitu kimetoka wapi, kisha hunyamaza.

Hatusemi kwamba kila mwazimaji asifiwe. Kwaya itafsiriyo wimbo wa Kijerumani silabi kwa silabi, hata mkazo wa neno la Kiswahili ukaangukia pasipo pake, yastahili kukosolewa. Lakini ikosolewe kwa mkazo huo, si kwa asili ya tuni.