Asilimia 15 ya nani? Sheria ya Madini ikisomwa kutoka Katuba

Kila mara mtu akilalamika hapa Katuba kwamba Kinshasa inakula copper yetu bila kutuachia kitu, hakosi mwengine wa kumjibu: "Sheria iko, soma Kode ya Madini." Na wahitimu wa sheria ndio wanajibu hivyo zaidi. Bon, nimeisoma. Nimesoma na zile zingine zinazokwenda pamoja nayo, juu Kode ile haisimami peke yake. Ninaleta hapa maoni yangu, na ninyi mtanisahihisha kwenye maoni kama kawaida.

Tuanze na kile kizuri, kwa sababu kipo. Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 ilibadilisha Kode ya 11 Julai 2002. Ndani ya kifungu cha 242 wameandika vile redevansi ya madini inagawanywa: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa ile entité ya mahali mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hesabu ile si mpya sana. Hata mwaka 2002 jimbo lilipewa 25 na mahali pa mgodi 15, ile 60 iliyobaki ikienda Kinshasa. Lakini zamani pesa yote ilipanda kwanza kwenye hazina ya taifa, halafu ndiyo ishuke. Kushuka njo ilikuwa shida. Sasa kampuni inalipa kila mmoja sehemu yake moja kwa moja, kwenye akaunti yake. Yule aliyeandika hivyo alikuwa anajua nchi yake.

Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Kampuni inauza copper ya dola milioni 100. Redevansi ya copper ni asilimia 3.5, yaani milioni 3.5. Kinshasa inachukua 1,750,000, jimbo 875,000, mfuko 350,000, na mahali pa mgodi panapata 525,000. Ikiwa ni cobalt, ambayo serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati mwezi wa Novemba 2018, redevansi inapanda hadi asilimia 10, na mahali pa mgodi panapata milioni moja na nusu. Kwa kijiji ambacho shule yake ni ya matofali ya udongo, hiyo si pesa ya kuchekea.

Sasa hiyo "mahali pa mgodi" ni nani? Nilijaribu kumweleza mama mudogo wangu maneno haya, entité territoriale décentralisée. Akaniuliza: "Entité njo nani? Eko anaishi wapi?" Nilicheka, halafu nikaona kwamba swali lake ni zito kuliko mengi niliyosikia chuoni.

Jibu liko kwenye sheria nyingine, ile sheria organiki namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008. Inasema entité hizo ni nne: mji, komini, sekta na sheferi. Teritwari haimo. Kwa hiyo mgodi ukiwa nje ya mji, na migodi mingi mikubwa iko nje ya mji, asilimia 15 inaingia kwa sekta ao kwa sheferi. Na sheferi, sote tunajua, si ofisi tu. Ni ukoo, ni desturi, ni kiti ambacho mtu anarithi. Katiba yenyewe, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya desturi, na sheria namba 15/015 ya 25 Agosti 2015 imeweka hadhi ya machifu. Chifu ni mtoto wa ukoo, na wakati uleule ni mtumishi wa serikali anayepaswa kutambuliwa na serikali.

Hapa njo penye tundu kubwa, na ninashangaa watu wanaosifia Kode wanalipita mbio. Sheria ya 2008 haikumpa chifu sheferi peke yake. Iliweka viungo viwili: baraza la sheferi, ambalo wajumbe wake wanachaguliwa na wananchi kwa kura, na kamati ya utendaji ambayo chifu anaiongoza. Baraza ndilo linapitisha bajeti na kuuliza matumizi. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini uchaguzi wa mabaraza ya sekta na sheferi haujafanyika. Tumepiga kura 2006, 2011, 2018, 2023, na kila mara tulichagua rais na wabunge. Desemba 2023 wakaongeza madiwani wa komini, kwenye komini za miji mikuu ya majimbo. Za vijiji zikasubiri.

Angalieni matokeo yake. Sisi wa Katuba tulichagua madiwani, lakini Katuba haina mgodi hata mmoja. Tuna masoko, tuna makanisa, tuna vumbi na mitaro iliyoziba. Wa kuturedevansia kitu hayupo. Na kule ambako pesa ya mgodi inaingia, hakuna diwani wa kuiuliza. Kode ya 2018 ilifungua bomba kabla ya kuweka ndoo.

Mwenzangu mmoja, mtoto wa sheferi, ananiambia kila mara kwamba ninawaonea machifu. Anasema: "Unataka chifu afanye nini? Akatae pesa?" Hapana, ana haki. Mimi sisemi machifu ni wezi. Kuna chifu anayejenga kituo cha afya, kuna mwengine ananunua jeep, na kwa sheria jinsi inavyotumika leo mwananchi hana njia ya kutofautisha hao wawili isipokuwa kwa macho yake. Mwema naye anaumia, juu hawezi kuonyesha kwamba ni mwema. Wale wanafunzi wenzetu wanaoandika kwamba sheferi zifutwe tu, ni mabaki ya ukoloni, wanasahau jambo. Ni kweli Wabelgiji walizipanga upya, amri yao ya 5 Desemba 1933 ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya sura tunayoijua. Lakini mtu wa kijijini akinyang'anywa shamba hakimbilii komini, anakwenda kwa chifu. Futa sheferi kesho, mgodi utabaki na gavana peke yake. Mimi sioni faida.

Kuna sheria ya pili inayoingia ndani ya hii bila kutajwa: ile ya kukata majimbo. Mwaka 2015, sheria ya programu namba 15/004 ya 28 Februari ilitoa utaratibu, na Katanga yetu ikawa nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katiba ya 2006 ilikuwa imeshazitaja, tulijua litakuja. Wengi walilia kisiasa, wakasema linamlenga gavana wa wakati ule, Moïse Katumbi. Siasa hiyo naiacha. Kinachonisumbua ni kwamba kalamu ile ilikata pia pesa. Copper na cobalt zikabaki Lualaba na Haut-Katanga. Haut-Lomami, na Kamina yake na reli yake, Malemba-Nkulu na samaki wake, ikatoka karibu mikono mitupu. Ndugu waliokuwa wanalipwa walimu kutoka kapu moja, sasa wana makapu manne, na mawili hayana chini.

Katiba ilifikiria jambo hilo. Kifungu cha 181 kiliunda kasha la usawazishaji, linalopaswa kupewa asilimia 10 ya mapato ya taifa ili kusaidia majimbo yaliyo nyuma. Ni wazo zuri, lakini linafanya kazi kati ya majimbo. Kati ya sheferi na sheferi hakuna kitu. Kilima kikiwa upande huu wa mto, chifu huyu anapokea milioni. Jirani yake, mtu wa kabila lile lile, wanaooana, wanaozikana, anayekunywa maji yale yale yaliyochafuka, anapokea sifuri. Halafu tunashangaa ugomvi wa mipaka unaamka. Katanga ina kumbukumbu ndefu kwa mambo hayo: Wasanga na Wayeke walikuwa wanapigana tangu siku za M'siri, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Sheria inayoweka bei ya dola juu ya kila mpaka wa zamani ilipaswa kukumbuka hilo.

Nitoke nje ya nchi kidogo. Tarehe 18 Desemba 1971, Marekani ilitunga sheria ya kitaifa kwa ajili ya jimbo moja tu, Alaska, na wenyeji wake asilia. Madai yao ya ardhi yalifutwa, wakapewa ekari milioni 44 na dola milioni 962.5. Mali haikupewa machifu wala serikali ya jimbo. Waliunda makampuni: 12 ya kanda, na zaidi ya 200 ya vijiji, na kila mwenyeji akawa mwenye hisa. Kinachonivutia ni sharti moja ndani yake: kampuni ya kanda ikipata faida ya madini ao ya misitu kwenye ardhi yake, asilimia 70 inagawanywa kati ya kanda zote 12 kwa hesabu ya watu. Yaani kanda iliyobahatika kupata zinki inalisha na ile iliyopata barafu tu. Siwaambii tuige yote. Sheria ile ina kasoro ya aibu: watoto waliozaliwa baada ya siku hiyo ya Desemba 1971 hawakupata hisa kwa haki ya kuzaliwa, na kuna wenyeji wanaosema mpaka leo kwamba kabila liligeuzwa biashara. Lakini kugawana na jirani kuliandikwa ndani ya sheria. Hawakuachia roho nzuri ya mtu. Kenya nayo, kwenye sheria yake ya madini ya 2016, imeandika 70 kwa taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii yenyewe. Jamii! Sisi tumeandika entité. Mama mudogo angeelewa la Kenya mara moja, ingawa na kule kuijua jamii ni nani kuna maneno yake.

Haki itendeke kwa Kode yetu: neno jamii limo, lakini mahali pengine. Kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na chombo kinachosimamia pesa hiyo kina wawakilishi wa kampuni na wa jamii zenyewe. Kwa mfano wetu wa milioni 100, ni dola 300,000. Ni ndogo kuliko zile 525,000, lakini imewekewa watu wa kuilinda tangu mwanzo. Kwa maoni yangu sehemu ile imeandikwa kwa akili zaidi kuliko kifungu cha 242 kinachosifiwa sana. Ajabu ni kwamba pesa kubwa imepewa ulinzi mdogo.

Na chini ya yote haya kuna ardhi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Kifungu chake cha 387 kikazifanya hata ardhi za jamii za vijijini kuwa za serikali, na kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi hizo zitapangwa na amri ya rais. Amri ile ilisubiriwa zaidi ya miaka 40 bila kutoka. Basi fikirieni: sheferi inapokea redevansi kama mwenyeji wa ardhi, lakini mkulima wa sheferi ile, akija kuhamishwa na mgodi, hana karatasi ya kuonyesha kwamba shamba la babu yake ni lake. Analipwa miti na mihogo. Ndiyo maana watoto wao wanaishia kuchimba kwa mikono, bakrezeri tunaowaona, na wengine wanakuja kupanga chumba hapa kwetu Katuba na Kenya wakitafuta kazi ya siku.

Je, sisi wenye diploma tumefanya nini na hili? Tunaandika vizuri kuhusu Lumumba. Kuhusu bajeti ya sheferi moja, hakuna mémoire niliyoiona mezani mwa wenzangu. Na habari si siri zote: ripoti za ITIE za nchi yetu zinaonyesha malipo ya redevansi yaliyokwenda kwa majimbo na kwa entité. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kuchukua namba moja, akapanda basi hadi kwenye sheferi ile, akauliza kitabu cha matumizi. Atarudishwa mara mbili, mara ya tatu labda atapewa kiti. Wa sheria wanaweza kuandika kifungu cha 242 na vile vya baraza la sheferi kwa Kiswahili cha hapa, ukurasa mmoja, bila neno entité.

Mimi nimeanza huo ukurasa. Nimekwama kwenye neno hilo hilo. Nimejaribu "serikali ya mahali", mama mudogo akasema serikali anaijua, inakuja na polisi. Nimejaribu "sheferi", akauliza kama ni chifu mwenyewe ao ni watu wake. Mwenye neno bora aniandikie chini hapa.