Kusoma jeni za virusi ni vizuri. Na kisha?

Kila mara tukiongelea magonjwa ya kuambukiza, kuna mwenzetu anasema: "Tupewe tu mashini za sekansaji, mambo itaisha." Miye sikubali nzima-nzima.

Tuangalie Kamituga, Kivu ya Kusini. Tangu mwezi wa 9, 2023, mpox ilianza kuenea katika mji ule wa machimbo ya dhahabu. PCR ya jumla ilisema: ni mpox. Lakini PCR iliyotengenezwa kutambua aina ya I, ile tunayoijua huku kwetu, ilinyamaza. Juu ya nini? Kipande cha jeni inachokitafuta, virusi vilikuwa vimekipoteza. Sekansaji njo ilifungua macho, juu yenyewe inasoma ADN herufi kwa herufi, haitafuti tu kipande kimoja kinachojulikana. Ikaonyesha tawi jipya, Ib, pamoja na alama kwamba virusi vinapita mtu kwa mtu, si kutoka kwa nyama wa pori tu. Watafiti walifanya kazi kubwa, hapo sina neno.

Sasa angalieni tarehe. Kabla ya katikati ya 2024, mambo hayo yalikuwa yameandikwa tayari. OMS ilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 14/8. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5/9. Kuchanja kulianza Goma tarehe 5/10. Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosa kujua. Na barabara ya Kamituga–Bukavu wakati wa mvua, hakuna mashini ya labo itakayoitengeneza.

Kwa siye watu wa agronomia, ni vile vile. Virusi vya michirizi ya kahawia ya muhogo viliripotiwa Beni mwaka 2012. Shina na majani yanaweza kuonekana mazuri, kumbe mzizi umeoza ndani, na mkulima anamgawia jirani miti ya kupanda. Sekansaji inaweza kuvitambua. Lakini kama jibu linabaki kwenye kompyuta, miti itaendelea kutoka shamba hadi shamba.

Basi wanaotafuta somo la mémoire, hesabuni hili: siku ngapi zinapita kati ya sampuli, jibu la labo, na mkulima ao mgonjwa kupata msaada? Hesabu hiyo njo itatuambia pesa iwekwe wapi kwanza. Mnasemaje?