Masini inaungua joto, sisi tunatafuta virusi

Bandugu na badada wasomi, leo tujikosoe kidogo.

Mwaka jana, hapa Uvira, rafiki yangu alikuwa anamaliza memwari yake kwenye masini ya mezani ya sekretaria moja. Kila saa sita, wakati jua limekamata mabati, masini inazimika yenyewe. Papa mwenye sekretaria akasema: «Njo virusi.» Wakaweka Windows upya. Ikazimika tena. Mara ya pili wakafuta diski nzima, na vipimo vya shamba vya misimu miwili vikaenda. Nyuma ya pale wakafungua ubavu wa sanduku, wakaelekeza feni ya nyumba ndani. Masini ikashika mpaka jioni. Sisi wote tukapiga makofi, hata mimi.

Ile feni, na yale makofi, njo ninakosoa leo.

Dalili ilikuwa wazi toka mwanzo. Masini ilikuwa inaandika Word asubuhi yote bila shida, inakufa tu tukianza hesabu za takwimu. Prosesa kama Core i5-3470 ya mwaka 2012 imepangiwa joto la wati 77 ikifanya kazi kwa nguvu: karibu sawa na balbu ya zamani, lakini lote linatoka kwenye kipande kidogo sawa ukucha wa kidole gumba. Ikikaribia digrii 100 inapunguza mwendo yenyewe. Joto likizidi tena, inajizima ili isiungue. Ilikuwa inajikinga, sisi tukaiita mgonjwa wa virusi.

Ile joto inataka njia ya kutokea. Inatoka kwenye prosesa, inapita kwenye pati, inaingia kwenye radiatere, njo hewa inaibeba. Kazi ya pati ni kujaza vishimo vidogo ambamo hewa ingebakia, maana shaba, hii yetu ya Katanga, inapitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Lakini pati yenyewe iko mbali sana chini ya shaba. Kwa hiyo kuipaka nene sawa siagi kwenye mkate ni kosa: kiasi cha punje ya mchele kinatosha.

Nyuma ya wiki mbili hesabu zikaanza kukufa tena, feni ikiwa inazunguka. Safari hii tukachomoa waya, tukatoa radiatere. Vumbi lilikuwa limeshikana kati ya mabati yake sawa blanketi, na pati imekauka sawa udongo wa kiangazi. Burashi, alkoli, pati mpya. Tukazuia vantilatere na kidole wakati wa kupuliza, isizunguke ovyo. Hesabu zilezile zilikuwa zinafikisha digrii 96. Sasa zikaishia 68.

Feni ya ubavuni inasaidia siku chache, sikatai. Lakini inaingiza vumbi la barabara pale pale vumbi limeisha kuziba, na inavuruga hewa iliyopangiwa kuingia mbele na kutokea nyuma. Na hakuna feni itafanya prosesa iwe baridi kuliko chumba. Kama chumba kiko na digrii 31, unaanzia 31.

Mtu atasema: wewe agronome, unajua nini ya masini? Najua hii: maharagwe yakigeuka manjano ju maji yamesimama kwenye mizizi, huongeze ure. Unachimba mfereji kwanza. Tulifundishwa hiyo mwaka wa pili, tukaipitia kwenye egzameni, na mbele ya masini tukaisahau.

Rafiki yangu alirudia kuingiza vipimo kutoka kwenye madaftari yaliyobakia, akatetea memwari miezi saba nyuma ya wenzake. Msimu mmoja haukupatikana tena.

Kwa hiyo mtu akikuambia anafuta diski yako, kwanza kopia kazi yako kwenye flashi. Kisha umuulize: prosesa iko na digrii ngapi? Kama hajapima, asiguse kitu.